Shajara: kuitafutia kinga kompyuta ya nyumbani, Ipagala, Dodoma

Nilipokuwa nahangaika nilitafuta mtu aliyeandika alichofanya kwenye kompyuta yake, hatua kwa hatua na gharama zake, nikamkosa. Basi naandika ya kwangu, na nitaongeza kila hatua inapokamilika.

Kompyuta ni ya mezani, Dell ya mtumba, i5 ya kizazi cha 6, RAM GB 4, diski ya kawaida ya GB 500, si SSD. Niliinunua 2023 ikiwa imeshapigwa Windows 10 na Office. Tunaitumia watu wanne: mimi, mke wangu, ambaye anashona sare za shule na hesabu za wateja wake zimo humo, binti yetu wa kidato cha tatu, na shemeji yangu anayesoma UDOM, ambaye mwisho wa wiki anakuja kufua nguo na kucheza gemu.

3 Januari 2026: Ilivyoanza

Asubuhi mteja kampigia mke wangu. "Mama, ile advansi nimeshaituma kwenye ile namba mpya." Namba mpya ipi? Kuangalia, ukurasa wake wa biashara umewatumia wateja 11 ujumbe mmoja: bei ya sare inapanda wiki ijayo, anayetaka bei ya zamani ile pesa atume kwenye namba hii. Shule zinakaribia kufunguliwa na kila mzazi ana haraka. Wawili walituma, jumla 55,000. Sare zao tutazishona kwa hela yetu. Namba ya tapeli tumeipeleka 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu.

Saa hiyohiyo nikakaa kwenye kompyuta ileile nikabadilisha nywila zote. Nilijiona mwepesi wa kufikiri. Lilikuwa kosa langu la kwanza, na nimelieleza tarehe 16.

5 Januari: Kijisanduku cha kona

Binti: "Baba, kompyuta inasema ina virusi vitano." Kweli, kona ya chini kulia kinachomoza kijisanduku chekundu chenye alama ya hatari, na ukikibonyeza unapelekwa mahali pa kulipa kwa dola. Niliskani kwa Defender, ile kinga inayokuja na Windows yenyewe. Safi. Nikarudia. Safi. Kijisanduku kikachomoza huku nasoma neno "safi".

Ilinichukua jioni nzima kujua kwamba hicho si kirusi. Ni arifa za tovuti: mtu aliingia kwenye tovuti ya kupakua filamu, ikamuuliza kama anaruhusu arifa, naye akaruhusu ili aendelee. Toka siku hiyo tovuti inatuma matangazo hata ukiwa hujaifungua. Dawa iko ndani ya Chrome: mipangilio, faragha na usalama, mipangilio ya tovuti, arifa. Nilikuta tovuti 9 zimeruhusiwa, nikaziondoa zote, kisha nikaweka kwamba tovuti yoyote isiulize tena. Gharama sifuri.

Nikamwambia mke wangu tatizo limekwisha.

7 Januari: Halijakwisha

Ukurasa umetuma ujumbe tena, saa 8 usiku. Nywila mpya ina siku nne tu.

8 Januari: Boksi la 38,000

Nikaenda mjini nikanunua antivairasi ya boksi. Jina lake naliacha, maana kosa halikuwa lake lote. Ndani ya boksi mna kadi ya kukwangua tu. Programu yenyewe unaipakua, karibu MB 600 za bando.

Kabla ya boksi kompyuta ilikuwa inawaka kwa dakika 1 na sekunde 50 (nilipima kwa simu, toka kubonyeza hadi Chrome kufunguka). Baada ya boksi, dakika 4 na nusu. RAM ya GB 4 ikiwa na Windows, Chrome na mlinzi mwenye tabo zake za kuharakisha kompyuta, kusafisha kompyuta na kukuuzia VPN, inabaki kuhema. Mke wangu alikuwa anafungua daftari la wateja, anakwenda kuinjika maharage, anarudi linafunguka.

Nikazidisha ujinga: nikaweka antivairasi ya pili, ya bure, nikidhani walinzi wawili ni bora. Kila moja ikawa inakagua faili ambalo mwenzake analigusa, na kompyuta ikaganda kabisa. Ikabidi niiwashe kwa hali salama (safe mode, Windows inapowaka na vitu vya lazima tu), nitoe ya pili kwa kifaa maalumu cha kuondolea ambacho kila kampuni hutoa kwenye tovuti yake. Kuitoa kwa njia ya kawaida kulikuwa kunaacha mabaki.

Kwa anayefuata hatua hizi: anayelinda muda wote awe mmoja tu. Defender yenyewe inalijua hilo. Ukiweka nyingine inakaa pembeni, ukiitoa inarudi kazini.

Jambo jingine la siku hiyo nililipita haraka, na sikupaswa. Boksi lilipoiskani kompyuta lilikamata kitu kwenye folda ya ile programu aliyoitumia fundi kuifanya Windows ionekane imelipiwa. Nikakumbuka maneno ya fundi wakati nanunua: "Hiyo ukiona antivairasi inalalamika, iruhusu. Ukiifuta Windows inakufa." Nikabonyeza kuruhusu folda nzima.

11 Januari: Kuchagua kwa akili

Nimetoa boksi. Nimekaa na karatasi kuandika ninachotaka: isiwe nzito, isile bando, isinidai kila mwaka, na isiuze habari zetu.

Hilo la mwisho si hofu ya bure. Mwaka 2024 mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, iliitoza Avast dola milioni 16.5 kwa sababu kampuni yake tanzu, Jumpshot, ilikuwa inauza kumbukumbu za tovuti walizotembelea watumiaji. Programu iliyowekwa kuzuia wapelelezi ikawa inapeleleza. Jumpshot ilifungwa 2020, ila funzo la kusoma masharti nimelichukua. Mwaka huohuo wa 2024 Marekani ilipiga marufuku kuuzwa kwa Kaspersky nchini humo kwa sababu za usalama wa taifa. Marufuku hiyo hainihusu mimi wa Ipagala, ila muuzaji mmoja aliitumia kunitisha ili ninunue ya kwake.

Matangazo ya kampuni nimeyaacha nikatazama maabara zinazojaribu programu hizi: AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria. Matokeo yao ni ya bure kusoma. Nilichokiona ni kwamba kwa kukamata virusi Defender haiko mbali na za kulipia. Zamani, enzi za Windows 7, ilikuwa mtoto kati yao. Watu wengi bado wanaihukumu kwa enzi hizo. Inapopungukiwa ni ikiwa haina mtandao, maana kazi kubwa inaifanya kwa kuuliza seva. Nyumba ambayo bando linaisha katikati ya mwezi izingatie hilo.

Uamuzi: Defender iwe mlinzi wa kila siku, na Malwarebytes ya bure iwe ya kupiga skani ya mara moja moja. Hiyo Malwarebytes inaanza na siku 14 za majaribio ya toleo la kulipia, zikiisha inabaki ya kuskani kwa mkono tu, na ndivyo ninavyotaka.

Nikaamini kazi imebaki ndogo.

14 Januari: Herufi 68

Siku hii ndiyo iliyogeuza mradi mzima.

Kuna faili la majaribio linaloitwa EICAR. Ni mstari mmoja wa herufi 68, hauna madhara yoyote, ila kampuni zote za antivairasi zimekubaliana kuukamata kana kwamba ni kirusi, ili mwenye kompyuta ajue kama mlinzi wake yuko macho. Mstari wenyewe uko kwenye tovuti ya EICAR. Unaunakili kwenye Notepad, unauhifadhi, unasubiri kelele.

Nikauhifadhi kwenye desktopu. Kimya. Nikalifungua faili, nikalifunga, nikalifungua tena. Kimya. Nikaliskani lenyewe peke yake: hakuna tishio. Nikahakiki herufi moja moja na ncha ya kalamu kwenye kioo, nikidhani nimekosea sifuri na O. Zote 68 ziko sawa.

Nikachomeka flashi ya binti nikanakili faili kule. Halikumaliza hata sekunde: Defender ikapiga kengele na faili kwenye flashi likatoweka. La kwenye desktopu likabaki limekaa vilevile.

Faili moja, mlinzi mmoja, diski mbili, majibu mawili. Basi kuna mahali pameandikwa kwamba diski hii isiangaliwe. Nikafungua Windows Security, sehemu ya virusi na vitisho, mipangilio yake, nikashuka hadi chini kabisa panapoandikwa Exclusions, mahali ambapo sijawahi kufika katika miaka miwili na ushee ya kuwa na kompyuta hii. Palikuwa na mstari mmoja wenye alama tatu:

C:\

Yaani usikague chochote kilichomo kwenye diski C. Na kompyuta hii haina diski nyingine. Defender ilikuwa inafanya kazi, inajisasisha kila siku, inanionyesha alama ya kijani, na imeambiwa ifumbe macho nyumba nzima. Ile "safi, safi" ya tarehe 5 ilitoka humo.

Nikampigia fundi. Hakukataa wala hakushtuka. "Kaka, hiyo lazima iwekwe, la sivyo Defender inaila ile activation." Kwake ni sehemu ya kupiga Windows, kama kuweka VLC. Toka siku hiyo nimeangalia kompyuta nne za ndugu na majirani. Mbili zina mstari uleule.

Kwa yeyote anayesoma: kabla hujanunua kitu, nenda ukaangalie orodha hiyo.

15 Januari: Kilichokuwa ndani

Nimefuta ule mstari, nikapiga skani kamili. Saa 3 na dakika 20. Vitu 6. Vinne ni vya familia ya AutoKMS, yaani ile programu ya fundi. Kimoja ni kiendelezi cha Chrome, yaani kijiprogramu kinachojishika kwenye brauza, kilichobadilisha mahali pa kutafutia. Cha sita ndicho mwizi: kimejificha kwenye folda ya gemu, ndani ya faili la "kufungua pesa zisizoisha". Gemu ya shemeji, ya kukreki, yaani iliyovunjwa kufuli ili isilipiwe, ya Novemba.

Nilimwita taratibu. Akatazama kioo, akasema, "Shem, mbona kwangu pia niliiweka?" Kwa hiyo kuna kazi nyingine inanisubiri.

Nimesoma jinsi wezi wa aina hii wanavyofanya. Hawakai wanasubiri uandike nywila. Wanakusanya zote zilizohifadhiwa kwenye brauza kwa mkupuo, kwa sababu programu yoyote unayoifungua wewe inaonekana mbele ya Windows kana kwamba ni wewe. Pia wanachukua vidakuzi, vile vijifaili vinavyoikumbusha tovuti kwamba umeshaingia. Mwenye vidakuzi vyako haulizwi nywila.

16 Januari: Nywila, mara ya pili

Ndiyo maana nywila za tarehe 3 hazikusaidia. Nilizibadilisha kwenye kompyuta iliyokuwa na mwizi ndani, na zaidi ya hapo sikuwatoa waliokuwa wameshaingia. Safari hii nimefanya kwa simu, huku kompyuta imechomolewa kwenye umeme kabisa. Mpangilio una maana yake: kwanza barua pepe, maana ndiyo inayofungua vingine vyote, humohumo nikachagua kutoa vifaa vyote, halafu ukurasa wa biashara, vivyo hivyo, kisha uthibitisho wa hatua mbili kwa programu ya namba za siri kwenye simu. Kwenye orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye ukurasa palikuwa na kimoja ambacho si chetu, kiko hai tangu tarehe 2.

Hakijarudi mpaka leo.

17 Januari, Jumamosi: Kuhamisha vitu

Ningeweza kuishia hapo, skani ya pili imetoka safi. Lakini diski iliyokaa zaidi ya miaka miwili bila kukaguliwa siiamini, na Windows yenyewe ni ya kukreki. Inapigwa upya.

Nimehamisha hati, picha na daftari la wateja kwenye flashi mpya ya GB 16 (12,000). Programu hata moja sijahamisha, wala faili lolote la kusakinishia.

20 Januari: Umeme

Kutengeneza flashi ya Windows kunataka flashi tupu ya GB 8 na zana ya bure ya Microsoft. Niliianza kwenye kompyuta ileile. Mvua ikaanza, radi upande wa Nzuguni, asilimia 64, giza. Bando la 12,000 limekwenda na flashi haisomeki.

Nashukuru ulikatika. Usiku ndipo nilipofikiri: natengeneza dawa kwenye mikono ya mgonjwa. Kesho yake nikaazima laptopu ya jirani yetu mwalimu, yenye betri nzima na Defender isiyo na mistari ya ajabu (niliangalia, aliniruhusu). Bando jingine la 12,000. Ikakamilika.

24 Januari, Jumamosi: Leseni iliyokuwepo siku zote

Wenzangu wamekwenda mnada wa Msalato kula nyama, mimi nimefungua kompyuta kuipangusa vumbi. Ubavuni kuna stika nusu imebanduka: Windows 10 Pro. Kabla ya kufuta chochote nikafungua dirisha la amri nikaandika:

wmic path softwarelicensingservice get OA3xOriginalProductKey

Ikajibu kwa ufunguo wa herufi 25, umechomwa kwenye bodi kiwandani. Kompyuta ilikuja na leseni yake halali. Fundi aliipiga toleo la Enterprise, ambalo ufunguo wa Pro hauliwezi, halafu akaweka programu ya kudanganyia, halafu akaipofusha Defender ili isiile programu ya kudanganyia.

Nilikaa kidogo kwenye kiti.

Kupiga upya kulikwenda bila maneno: nikafuta sehemu zote za diski, kisakinishi kikachagua Pro chenyewe bila kuniuliza ufunguo, na nilipoingia mtandaoni ikajithibitisha. Nimeongeza RAM GB 4 (30,000). Inawaka kwa dakika 1 na sekunde 5.

Windows 11 haikubali processa ya kizazi hiki, na Windows 10 iliachwa rasmi 14 Oktoba 2025. Ila kuna nyongeza ya masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026, na unajiandikisha kwenye ukurasa wa Windows Update. Unaweza kulipa dola 30, au kutumia pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au kuruhusu mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft bila kulipa. Nimechukua hiyo ya tatu. Microsoft imesema orodha za virusi za Defender kwenye Windows 10 zitaendelea hadi Oktoba 2028, lakini matundu ya Windows yenyewe baada ya hiyo Oktoba 2026 hayatazibwa. Huenda tukahamia Linux Mint, mfumo mwingine wa bure badala ya Windows, tutaona.

26 Januari: Mipangilio, na ugomvi mdogo

Akaunti ya msimamizi ni moja, nywila yake iko kichwani kwangu na kwenye daftari la mke wangu. Wengine wote wana akaunti za kawaida, nami ya kazi za kila siku ni ya kawaida pia. Hapa shemeji alinuna.

Badala ya Office ya kukreki ni LibreOffice. Firefox yenye uBlock Origin ya kuzuia matangazo, na brauza haihifadhi nywila. Kwenye Defender nimewasha kuzuia programu zisizotakiwa, na ulinzi wa folda dhidi ya virusi vinavyofunga mafaili ili ulipe kikombozi. Huo wa mwisho huwa umezimwa mpaka uuwashe.

Na ndio ulioleta ugomvi. Mke wangu ana programu ndogo ya kuchorea vipimo vya sare. Kila akihifadhi inamjibu kwamba faili halipo. Alirudia kazi ya saa nzima mara mbili kabla hajaniita. "Hii umeiponya au umeifunga?" Kumbe ulinzi wa folda hauijui programu yake, unaizuia kuandika, nayo inatoa jibu la ovyo. Dawa ni kwenye historia ya Defender: utaona kizuizi chenyewe, unaruhusu programu hiyo moja. Nimeruhusu programu, sikuruhusu folda. Tofauti hiyo nimeijua kwa hela.

EICAR tena, kwenye desktopu: imekamatwa kabla sijaondoa kidole kwenye kipanya.

Hela mpaka hapa: 55,000 za wateja, 38,000 za boksi, 24,000 za bando, 30,000 za RAM, 12,000 za flashi. Jumla 159,000. Programu za ulinzi tunazotumia sasa ni za bure zote mbili.

14 Februari: Flashi ya steshenari

Binti alikwenda kuchapa kazi ya jiografia, flashi ikarudi na kile kirusi cha shotikati: mafolda yote yamegeuka vishale. Defender ilivifuta vishale na kilichokuwa nyuma yake mara tu alipochomeka. Akalia, akidhani kazi imekwenda nayo. Mafaili yapo, yamefichwa tu. Kama flashi inasomeka kwa herufi E, kwenye dirisha la amri unaandika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Yamerudi yote. Sasa kazi za kuchapa tunazituma kwa barua pepe kwa mwenye steshenari, au anapewa flashi ambayo haina kitu kingine.

Kilichobaki: diski ya nje ya kuhifadhia nakala, bado naitafutia bei. Laptopu ya shemeji, aliahidi kuileta wiki tatu zilizopita. Mstari wa C:\ nimeukuta na kwake, kwa picha aliyonitumia. Juzi ameniomba nywila ya msimamizi aweke gemu mpya. Nimemwambia alete kwanza laptopu.